“Hakuna anayempiga, ila hakuna anayemsemesha”: je, huo nao ni uonevu?

SWALI

Mshauri, pole na kazi. Nina binti wa miaka 10, yuko darasa la tano. Tangu darasa la pili alikuwa na wenzake watatu, hawaachani. Muhula huu ulipoanza, hao watatu wakamtoa. Hawamtukani, hawampigi. Akifika walipo, wananyamaza au wanahama. Akikaa kwenye benchi, wao wanainuka. Alikuwa mtoto wa kuimba tangu anapofumbua macho. Sasa nyumba imepooza, na kila Jumapili jioni analalamika tumbo. Mwalimu wake anasema ni mambo ya watoto, wataelewana wenyewe. Baba yake anasema azoee, dunia ndivyo ilivyo. Nimeanza kujiuliza kama ni mimi ninayekuza mambo. Je, huu ni uonevu? Na furaha ya mwanangu itarudi?

JIBU

Mama, hukuzi mambo. Ulichoniandikia ni uonevu, tena wa aina ambayo watu wazima huchelewa kuitambua kuliko zote, maana hauachi alama ya kumwonyesha mtu.

Naelewa kwa nini mwalimu anasita. Ukitaja uonevu, wengi huona ngumi, mkoba uliotupwa juu ya paa, mtoto mkubwa anayemnyang’anya mdogo. Lakini Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyeanza kuuchunguza uonevu katika shule za Uswidi mwanzoni mwa miaka ya 1970, hakuupima kwa ngumi. Alitazama mambo matatu: anayeumiza anakusudia, anarudia, na anayeumizwa hana nguvu za kulingana naye. Mpime binti yako kwa kipimo hicho. Watatu hawainuki kwenye benchi kwa bahati mbaya kila anapokaa mtu yuleyule. Wamefanya hivyo muhula mzima. Na wao ni watatu, yeye mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Kirsti Lagerspetz na Kaj Björkqvist wa Ufini walionyesha kwamba upo ukatili wa watoto usiopitia mkononi kabisa: kusengenya, kuwageuza marafiki, kumsusa mtu. Jambo hili lina jina na limechunguzwa kwa muda mrefu. Si wewe uliyelizua kwa huruma ya mama.

Ugomvi wa kawaida wa watoto una pande mbili. Huyu kanuna, yule kanuna, kesho kutwa wanaazimana penseli. Hapa upande mmoja umefunga mlango, na upande wa pili unabisha hodi kila asubuhi.

Kipo kisa anachokisimulia Kipling Williams, mwanasaikolojia aliyejikita katika suala la kutengwa. Alikuwa amekaa bustanini, sahani ya plastiki ya kurushiana ikamgonga. Akaigeukia, akawarushia wenyewe, watu wawili asiowajua. Wakamrudishia. Wakacheza hivyo watatu kwa muda mfupi, kisha wale wawili wakaacha kumrushia, wakaendelea wao kwa wao. Alishangaa jinsi alivyoumia. Mtu mzima, msomi, kaumizwa na watu ambao dakika tano kabla hawakuwa chochote kwake! Baadaye akatengeneza mchezo wa kompyuta wa namna hiyohiyo: unarushiana mpira na wachezaji wawili, mara mbili tatu unaupata, halafu huupati tena. Mwaka 2000 yeye na wenzake walichapisha matokeo. Dakika chache za kunyimwa mpira zilitosha kuwashusha watu moyo, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba hata walioambiwa wazi kuwa wanacheza na mashine tu waliumia.

Williams anasema kutengwa kunagusa mahitaji manne kwa pigo moja: kuwa na pa kushika miongoni mwa watu, kujiona una thamani, kuhisi kwamba unachofanya kinaleta tofauti, na kuhisi kwamba upo. Hilo la nne ndilo linalonikaa kichwani kila ninapomsikiliza mtoto. Anayetukanwa anajua kwamba ameonekana. Anayepitwa kama ukuta huanza kushuku uwepo wake mwenyewe. Na binti yako hakunyimwa mpira na wageni kwa dakika tano. Amenyimwa na watu aliocheza nao miaka mitatu, na anarudi mahali pale siku tano kwa wiki, kwa sababu sheria na wazazi wake wanamtaka arudi.

Nikupe picha ya karibu. Miaka kadhaa nyuma nililetewa msichana wa rika la binti yako. Mama yake alikuwa na wasiwasi kuhusu viatu: kila siku mtoto alirudi kamba zimefungwa mafundo juu ya mafundo, hazifunguki bila kukatwa. Tulikaa vikao viwili anachora tu. Cha tatu akanieleza mapumziko yake. Mapumziko yalikuwa nusu saa. Kwanza alikwenda chooni. Akitoka, ananawa mikono polepole, mara mbili. Kisha anasoma ubao wa matangazo. Alinisomea kwa kichwa ratiba ya mitihani iliyokwisha pita, bila kukosea siku hata moja. Ubao ukiisha, anainama kufunga kamba za viatu. Anafungua, anafunga. Nikamuuliza kwa nini kamba. Akaniambia, “Nikisimama tu, wote wanajua sina mtu. Nikifunga viatu, naonekana kama kuna mahali nakwenda.”

Hiyo ndiyo kazi anayoifanya mtoto aliyetengwa, mama, na ni kazi ya kuchosha. Sisi tukimpokea jioni tunauliza hesabu ilikuwaje, tunauliza mwalimu alisema nini. Furaha ya mtoto wa miaka 10 haikai huko. Inakaa kwenye ile nusu saa: nani aliniwekea nafasi, nani aliniita, nani alicheka niliposema kitu. Masomo anaweza kuyamudu akiwa na huzuni, angalau kwa muda. Mapumziko hayamudu.

Ndiyo maana tumbo linauma, na linauma kweli. Tafadhali usimwambie anajisingizia. Gianluca Gini na Tiziana Pozzoli wa Italia walikusanya tafiti nyingi zilizofanywa kwa watoto wanaoonewa, wakakuta kwamba uwezekano wao wa kuwa na maumivu ya aina hiyo, ya kichwa, ya tumbo, ya kukosa usingizi, ni angalau mara mbili ya watoto wengine. Mpeleke hospitali mara moja ili ugonjwa mwingine usiwe umejificha, kisha uliamini tumbo lake. Linaanza Jumapili jioni kwa sababu Jumatatu inakaribia.

Sasa nifike kwenye sehemu inayonitia hofu zaidi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa kimya hiki unapiga ndani. Mtoto aliyepigwa ana maelezo: fulani ni mkorofi. Aliyesusiwa hapewi maelezo yoyote. Anauliza “nimefanya nini?”, wanamjibu “hakuna kitu.” Basi anajitungia jibu mwenyewe, na jibu analolipata mtoto karibu kila mara ni moja: ni mimi. Sandra Graham na Jaana Juvonen waliandika mwaka 1998 kuhusu watoto wanaojilaumu baada ya kuonewa, nao wakatenganisha lawama mbili. Moja ni ya kitendo: “nilikosea kukaa pale.” Nyingine ni ya nafsi: “mimi ndivyo nilivyo, hakuna anayeweza kunipenda.” Ya pili ndiyo iliyokwenda sambamba na upweke na wasiwasi. Kitendo unaweza kukibadilisha kesho. Nafsi utaipeleka wapi?

Kuna jambo limewashangaza hata watafiti: katika darasa ambalo uonevu umepungua sana, wale wachache wanaobaki wakionewa mara nyingine huwa na hali mbaya zaidi kuliko wenzao wa darasa lenye fujo. Ukifikiri kidogo unaona sababu. Wengine wote wako salama, basi kasoro iko kwangu. Kwa hiyo mwalimu akikuambia shule yao haina uonevu, hata kama anasema kweli kwa jumla, hilo si faraja kwa binti yako. Kwake linaweza kuwa mzigo wa ziada.

Umeniuliza kama furaha itarudi. Sitakuficha lililo zito. Watoto waliozaliwa Uingereza wiki moja ya mwaka 1958 wamefuatiliwa maisha yao yote, na mwaka 2014 Ryu Takizawa, Barbara Maughan na Louise Arseneault waliripoti kwamba walioonewa wakiwa na miaka 7 na 11 bado walionyesha athari wakifika 50: huzuni zaidi, uhusiano dhaifu zaidi na watu, kuridhika kidogo zaidi na maisha. Nakueleza hayo ili ukutane na mwalimu ukiwa na uhakika kwamba si jambo la kupuuza. Lakini hayo ni mambo yanayoonekana ukijumlisha maelfu ya watu. Hayatabiri maisha ya mtoto mmoja, hasa mtoto ambaye uonevu wake umekatizwa mapema na ambaye amemwambia mama yake. Wengi hawasemi. Wanaona aibu, au wanahofu tutaharibu zaidi. Wako amesema.

Kuhusu baba yake: zungumza naye, na usimfanye adui. Nadhani anachotaka ni mtoto asiyevunjika, na mimi nataka hichohicho. Tunachotofautiana ni njia. Kumwambia mtoto azoee kutengwa ni kumthibitishia lile jibu alilojitungia, kwamba ndivyo inavyomstahili. Uchunguzi wa Lucy Bowes na wenzake uliotoka mwaka 2010, uliofanywa kwa watoto pacha wa Uingereza, ulikuta kwamba walioonewa shuleni lakini wana mama mchangamfu kwao, ndugu wanaopendana nao na nyumba yenye hali nzuri, walisimama vizuri zaidi kuliko ilivyotarajiwa. Ukakamavu anaoutafuta baba unajengwa hapo. Mwombe jambo moja tu: kila jioni ampe binti yake dakika 20 zake peke yake, bila simu, wafanye chochote mtoto anachokipenda, wala wasiitaje shule asipoitaja yeye. Mtoto ambaye kutwa nzima hakuna aliyemtaka anahitaji kuona mtu mmoja mkubwa akimtaka.

Wewe nawe, angalia maswali yako. “Ulifanya nini mpaka wakakuacha?” ni swali la kawaida, na linaumiza, kwa kuwa limeshatoa hukumu. “Leo umecheza na nani?” kila siku mlangoni linamlazimisha akiri upweke wake kila siku mlangoni. Kaa naye mkifanya kazi ya mikono, macho yakiwa kwenye kazi. Hapo ndipo watoto husema. Akisema, mwambie maneno haya au yanayofanana nayo: “Wanachokufanyia ni kibaya. Si kosa lako. Si kazi yako kulimaliza peke yako.” Kisha nyamaza. Usikimbilie kuwatukana wale watatu. Kesho wanaweza kupatana, naye atashindwa kukueleza kwa kuwa uliwaita nyoka.

Na usiwapigie mama zao simu kwa hasira. Nimeona mara nyingi mno jambo la watoto wanne likigeuka la familia nne.

Sasa mwalimu. Kabla hujarudi kwake, andika kwa wiki mbili, kifupi: tarehe, mahali, kilichotokea. “Jumanne, mapumziko, alikaa kwenye benchi, watatu wakainuka.” Mwalimu mwenye wanafunzi wengi hawezi kufanya kitu na “mwanangu hana raha”. Kwa orodha ya matukio tisa anaweza. Nenda kama mwenzake, usiende kama mlalamikaji: mwambie unamhitaji, kwa sababu kweli unamhitaji. Nyumbani unaweza kumtibu mtoto majeraha, lakini yanapotokea, ni yeye aliyepo.

Yamkini atakujibu tena kwamba wataelewana wenyewe. Debra Pepler na Wendy Craig wa Kanada waliweka kamera na vinasa sauti kwenye viwanja vya shule, wakaona wenyewe. Karibu kila tukio la uonevu lilikuwa na watoto wengine wanaotazama, asilimia 88 ya matukio katika ripoti yao ya mwaka 2001 waliyoandika na Lynn Hawkins. Watoto hao waliingilia kati mara chache, asilimia 19 tu. Ila walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Sekunde 10! Nguvu iko kwa watazamaji, nao hawaitumii bila mtu mzima kuwaonyesha kwamba inaruhusiwa na inatakiwa. Huko Ufini, Christina Salmivalli alijenga kazi yake juu ya jambo hilo: badala ya kushughulika na mwonevu na mwonewa peke yao, walimu wanalifundisha darasa zima nafasi ya kila mmoja, anayechochea kwa kucheka, anayegeuza uso, anayetetea. Mpango uliotokana na kazi hiyo, KiVa, ulianza kuenezwa katika shule za nchi nzima mwaka 2009.

Huna haja ya kumdai mwalimu mpango wa nchi nzima. Mwombe mambo ambayo anaweza kuyafanya Jumatatu. Vikundi vya kazi avipange yeye. Asiseme “tafuteni wenzenu”, maana sentensi hiyo kwa mtoto aliyetengwa ni adhabu mbele ya hadhara. Abadilishe mahali pa kukaa darasa zima, si binti yako peke yake. Ampe jukumu la wawili wakati wa mapumziko, kupanga vitabu au kugawa vifaa vya michezo, na huyo wa pili amchague kwa makini. Na kuna jambo asilifanye hata kidogo: kuwaweka wanne chumba kimoja wapatane, wakashikana mikono mbele yake. Watoto watatu wakishinikizwa kuomba radhi watalipiza pale ambapo mwalimu hayupo, na safari hii watakuwa waangalifu zaidi. Kila mmoja wa watatu aitwe peke yake.

Katika kundi la watatu wanaosusa, mara nyingi anayetaka ni mmoja. Wawili wanafuata kwa kuwa wameona kinachompata anayetoka, na wanaogopa kuwa wa pili. Hawa wawili ukiwakuta mmoja mmoja, kwa upole, unaweza kukuta mtoto anayetamani mtu mzima amwondolee mzigo. Simtetei yeyote. Nasema tu mwalimu asiwaone kama jiwe moja.

Yote hayo yakichelewa, liko moja ambalo liko mikononi mwako leo, na kama ningelazimika kukuchagulia moja tu ningekuchagulia hili: mtafutie rafiki mmoja. Si kundi. Usijaribu kumrudisha kwa wale watatu. Ernest Hodges na wenzake waliwafuatilia kwa mwaka mmoja watoto wa darasa la nne na la tano, umri wa binti yako hasa, wakachapisha mwaka 1999 walichokiona. Walioonewa bila kuwa na rafiki wa karibu waliongezeka huzuni na matatizo ya tabia. Walioonewa wakiwa na rafiki mmoja wa kweli, anayewachagua nao wanamchagua, hawakuongezeka hivyo. Mmoja, mama. Anaweza kuwa wa darasa jingine, jirani, binamu, mtoto wa kwaya au wa timu ya mpira. Muulize mwalimu ni mtoto gani mpole ambaye naye hukaa pembeni, walimu wanawajua. Mwalike huyo peke yake, kwa saa mbili tu, na wape kitu cha kufanya, maana watoto wawili wenye haya wakiachwa watazamane wataona kila mmoja kamchosha mwenzake. Mkiona imekwenda vizuri, rudieni wiki inayofuata, siku ileile.

Kuwa macho na mambo machache. Akiacha kula, akijiumiza, akisema hataki kuishi au mngekuwa nafuu bila yeye, usingoje mwalimu wala usingoje barua yangu nyingine. Muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Swali hilo halimpandikizii wazo, linamfungulia mlango. Usimwache peke yake, na mpeleke kwa daktari au mtaalamu wa afya ya akili siku hiyohiyo. Na kama baada ya muhula mzima wa juhudi shule haijafanya lolote, kumhamisha si kushindwa. Nimewaambia wazazi wengine hivyo na sijajutia.

Furaha itakaporudi, usitegemee irudi kwa wimbo. Kuimba kutakuja mwisho. Kabla ya hapo, mkiwa mezani siku ya kawaida, katikati ya jambo jingine kabisa, atataja jina. “Fulani naye hapendi kuchora farasi.” Mtoto mwingine, jina ambalo hujalisikia au hujalisikia siku nyingi, limetajwa kana kwamba si kitu. Usishangilie, usimwulize huyo ni nani na anakaa wapi. Mwulize tu kwa nini hapendi farasi.

Niandikie utakapolisikia.